Sanduku la Vimondo



Wasomaji wapenzi, tangu Kwaresima iliyopita kila mgeni apitaye hapa Berega huniuliza habari za lile sanduku refu la rangi ya buluu lililosimama pembeni mwa ukumbi wa parokia yetu, ambalo watoto hulizunguka kila Jumamosi kama nyuki mzingani. Mmoja alidhani ni kabati la vitabu. Mwingine alidhani ni sanduku la kupigia kura. Mzee mmoja kutoka upande wa Mamboya alivua kofia mbele yake akasimama kwa heshima, nami nikaona haya kumwambia kwamba ni sanduku la michezo. Basi nimeona heri niwaeleze wote kwa pamoja, nanyi mtanisamehe nikianza mbali kidogo.

Ilikuwa siku ya gulio. Nilikuwa ofisini naandika cheti cha ubatizo, mara akaingia bibi mmoja wa jumuiya yetu. Nikasimama, nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaketi kabla sijamkaribisha, jambo ambalo si desturi yake. Akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Karani, wewe umesomea ualimu. Hebu niambie, mtoto akila fedha ya dawa ya bibi yake, huyo anaumwa nini?"

Sikumwelewa mpaka aliponieleza. Alikuwa amempa mjukuu wake shilingi 8,000 akamnunulie dawa za presha kule kwenye hospitali ya wenzetu Waanglikana. Kijana akarudi jioni mikono mitupu, akasema fedha imeanguka njiani. Kesho yake jirani mmoja akamwambia bibi kwamba fedha ile haikuanguka popote. Ilimezwa, sarafu moja moja, na mashine ya kubahatisha iliyowekwa barazani pa duka moja huko barabarani. Sarafu arobaini za shilingi 200! Na yule mtoto ni wa darasa la sita, tena ni mtumikiaji wa altare, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kupiga kengele wakati wa mageuzo.

Nilimpa bibi fedha ya dawa kutoka mfukoni mwangu, naye akashukuru, akaenda zake. Walakini sikumwambia jambo moja, nami nalisema leo hapa gazetini kwa mara ya kwanza. Majuma mawili kabla ya siku ile nilimwona yule kijana mbele ya mashine ile ile. Sikumkemea. Nisingeweza kumkemea, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale na sarafu tatu mkononi, nikitaka kujaribu bahati yangu wakati nangoja gari. Aliponiona alijisogeza kando kwa adabu, akasema, "Karibu, Mwalimu." Nikazitia sarafu zangu zote tatu, zikaenda. Kisha nikapanda gari.

Baada ya hapo kijana hakuonekana tena sakristia. Jumapili ya kwanza nilidhani ni mgonjwa. Jumapili ya pili nikafahamu kwamba anaona haya, nami nikaona haya zaidi yake.

Ndugu msomaji, huenda kijijini kwako mashine hizi hazijafika, basi nikueleze zilivyo. Ni kisanduku chenye taa zinazozunguka na picha za matunda. Unatia sarafu, unabonyeza, taa zinakimbia, zinasimama. Ukibahatika, sarafu zinamwagika chini kwa kelele nyingi ili kila mtu asikie. Usipobahatika, hakuna kelele. Mtoto anadhani akibonyeza kwa ujanja, au akingoja taa ifike mahali fulani, atashinda. Si kweli. Hesabu ya ndani imekwisha kupangwa ili kwa siku nyingi mashine ile zaidi kuliko inavyotapika, na kidole cha mchezaji hakibadili kitu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo hiyo, lakini pale barazani sikuona mtu akimwuliza mtoto umri wake.

Nilimpelekea shauri hili Baba Paroko. Nilitazamia atasema mchezo wote wa fedha ni dhambi, yeye akanifungulia Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ile iliyotolewa mwaka 1992, namba 2413, akanionyesha kwamba Kanisa halisemi hivyo. Mchezo wa bahati si ubaya kwa wenyewe. Unakuwa ubaya unapomnyang'anya mtu kile anachohitaji ili aishi yeye na walio wake. "Sasa wewe fikiri," akaniambia, "dawa ya presha ni kitu gani?" Halafu akaongeza, "Ukimwambia mtoto aondoke pale, umwambie pia aende wapi."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonipeleka kwa Fundi.

Fundi ni rafiki yangu tangu tulipokuwa shule ya msingi. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, yeye alikwenda kushika chuma cha kulehemu katika kibanda cha kutengeneza redio, na mpaka leo husema yeye ndiye aliyesoma. Nilipomweleza habari alicheka, akasema, "Karani, mashine hushindwa na mashine. Tujenge yetu." Nikadhani ni mzaha. Kumbe alikuwa amekwisha kuona picha za makabati ya michezo yaliyoenea Marekani na Japani zamani, yale ambayo mtu husimama mbele yake, kioo kikiwa usawa wa macho na vibonyezo usawa wa tumbo.

Hapa niseme kidogo juu ya makabati hayo, maana nilipoyasoma niliona ajabu. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ilitengeneza mchezo ulioitwa Pong, wa vibao viwili na kitone kinachorushwa huku na huku kama mpira wa meza. Wakaweka kabati la kwanza katika kilabu kimoja cha pombe mjini Sunnyvale, California. Baada ya siku si nyingi mwenye kilabu akawaita, akisema mashine imeharibika. Fundi wao alipoifungua alikuta haina ubovu wowote, ila chombo cha kupokelea sarafu kimejaa pomoni. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado akatunga Space Invaders, na mwaka 1980 akafuata Toru Iwatani na Pac-Man yake. Dunia ikajaa makabati hayo. Sisi Tanzania Bara hata televisheni hatukuwa nayo mpaka mwaka 1994, kwa hiyo mambo hayo yalitupita juu kama ndege. Mashine ya sarafu ya kwanza waliyoiona watoto wengi wa vijiji vyetu ni hii ya matunda, nao hawakuwa na nyingine ya kuilinganisha nayo.

Katika Pong sarafu inakununulia nafasi ya kujaribu mkono wako, na mkono ukizoea, sarafu moja inakaa muda mrefu. Katika ile ya barazani hakuna kuzoea. Hata hivyo sitawadanganya kwamba makabati ya Marekani yalijengwa kwa huruma. Yalijengwa ili kula sarafu, ila yalikuwa na adabu kidogo katika kula.

Basi tukaanza. Katika stoo ya ofisi kulikuwa na kompyuta ya zamani, yenye kioo cha chogo, iliyostaafu tulipopata mpya. Baba Paroko akatupa ruhusa. Plaiwudi shuka moja ilitugharimu shilingi 35,000; mbao za paini 18,000; vibonyezo kumi na vitano vya kengele za mlango 15,000; nyaya, misumari na risasi ya kulehemu 9,000; rangi 7,000. Jumla shilingi 84,000, nusu yangu na nusu ya Fundi. Tulihitaji mtu wa kutubebea mbao kutoka barabarani, na Fundi, bila kuniuliza, akamwita yule kijana. Akawa anambebea mbao na kumshikia msumeno kwa shilingi 500 kwa siku. Fedha hiyo Fundi hakumpa mkononi, alimpelekea bibi mwenyewe kila jioni. Mimi sikujua mpaka siku ya nne. Kijana alipokuwa akiniona hakusema ila "Shikamoo," nami niliitikia nikitazama mbao.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi wenye watoto wanaopenda kufungua vitu. Kioo cha chogo ni chombo cha hatari. Ndani yake umeme hupandishwa kupita volti 20,000 ili picha iwake, na kile kioo kikubwa huweka akiba ya umeme huo kama mtungi uwekavyo maji, hata ukiwa umechomoa waya ukutani. Fundi alinikataza mara mbili nisitie mkono nyuma yake mpaka yeye kwanza aumwage umeme ule kwa bisibisi iliyofungwa waya wa ardhi. Yeye akaenda kunywa chai. Mimi, msomi wa chuo, nikaona vumbi, nikachukua kitambaa nifute. Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nilijikuta nimekaa chini karibu na mlango, mkono umekufa ganzi mpaka begani, na kijana amesimama mbele yangu akilia. Nadhani alidhani nimekufa. Nilipoweza kusema nikamwambia, "Usimwambie Fundi." Akafuta machozi, akacheka kidogo, akasema, "Sitasema, Mwalimu." Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyozungumza kama watu tangu siku ile ya barazani.

Kazi ya seremala sitaieleza sana. Urefu wa sanduku ni sentimita 140, na ubao wa vibonyezo tuliuweka sentimita 80 kutoka chini ili hata mtoto wa darasa la tatu afikie. Kioo tulikilaza nyuma kidogo. Mgongoni tulitoboa matundu ya kutoa joto, na juma la kwanza tu mjusi akaingia, ikabidi tupigilie wavu wa madirisha.

Kazi yenye utamu ilikuwa vibonyezo. Fundi alifungua kibodi ya ile kompyuta, akanionyesha kwamba ndani yake hakuna uchawi. Fikiri shamba la mahindi lenye mistari inayokwenda huku na mingine inayoikata. Kila herufi ni mahali mistari miwili inapokutana. Ukibonyeza, mstari huu unagusa ule, na kompyuta inajua ni shina lipi umeligusa. Basi ukilehemu nyaya mbili kwenye mistari hiyo, ukazipeleka mpaka kwenye kitufe cha kengele ya mlango, kengele hiyo imekuwa herufi. Tukafanya hivyo mara kumi, kuanzia 0 mpaka 9, na cha kumi na moja cha kufyatulia. Vinne vilivyobaki vilizunguka kijiti cha mpini wa mwiko, ili kikilazwa kushoto kiguse cha kushoto, kikilazwa mbele kiguse cha mbele. Kijiti kirudi katikati kwa nguvu gani? Tukajaribu springi ya godoro, ikakatika. Kijana ndiye aliyesema, "Mpira wa ndani wa baiskeli." Tukakata kipande, tukakipigilia kama ngozi ya ngoma, tukakipitisha kijiti katikati yake. Kinarudi mpaka leo.

Michezo tuliyoitia ni ya bure, iliyotungwa na watu wenye moyo mwema na kuachwa wazi kwa yeyote aitakaye. Mmoja unaitwa TuxMath. Vimondo vinaanguka kutoka mbinguni, na juu ya kila kimondo imeandikwa hesabu, tuseme 7 × 8. Chini kuna vijumba vya barafu na ndege penguini ndani yake. Mtoto abonyeze 5, kisha 6, kisha afyatue. Akichelewa, kijumba kinayeyuka. Chuoni tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vizibo vya soda na vijiti vya mtama, na kweli vinafaa, lakini sijawahi kuona mtoto akililia kizibo cha soda. Kwa hili walilia. Mtoto mmoja alisali, nilimsikia kwa masikio yangu, ili penguini wasife.

Mchezo mwingine umo katika programu iitwayo GCompris, nao ni wa kete za Afrika Magharibi, ndugu wa bao letu. Wazee waliposikia wakaja kuutazama. Wakasema ni bao la watu wavivu, maana lina mashimo kumi na mawili tu, na bao la kweli lina thelathini na mawili na kete sitini na nne. Wakarudi chini ya mti wao. Hata hivyo mmoja wao alirudi peke yake jioni, akacheza mpaka giza.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa, na fujo ikawa kubwa. Mashine ikaanza kuandika tarakimu ambazo hakuna aliyezigusa. Watoto wakasema ina shetani. Fundi akatafuta sababu usiku mzima. Ni ile ile habari ya shamba: watoto wawili wakibonyeza vitufe vitatu kwa wakati mmoja, na vitatu hivyo vikiwa pembe tatu za mraba, kompyuta inaona na pembe ya nne kana kwamba nayo imebonyezwa. Akahamisha nyaya mbili tatu, mambo yakapungua. Kwisha kabisa hayakwisha, nasi tukaweka amri kwamba anayecheza ni mmoja.

Lakini neno lililotaka kututenga mimi na Fundi halikuwa nyaya, ilikuwa fedha. Mimi nilisema mchezo uwe bure. Yeye akasema alipe kila mtoto. Nikamwambia, "Tumekimbia mashine ya sarafu ili tujenge mashine ya sarafu?" Akanijibu, "Na LUKU atanunua nani? Malaika?" Tukanuniana siku tatu. Nilimkumbusha Mtakatifu Yohane Bosco, aliyezaliwa mwaka 1815, ambaye tangu utoto wake alikuwa akitembea juu ya kamba na kufanya viini macho ili kuwakusanya watoto wenziwe, wala hakuwadai sarafu. Fundi akasema, "Aliwadai rozari. Rozari haiwashi umeme."

Nilishinda mimi, ukawa bure. Nami nakiri mbele yenu kwamba nilikosea. Kwa Jumamosi tatu vijana wakubwa walilishika sanduku tangu asubuhi mpaka jioni, wadogo wakatazama migongo yao, na umeme ukatukatikia katikati ya mazoezi ya kwaya. Kitu cha bure kilikuwa cha wenye nguvu. Baba Paroko akatuita wote wawili. Tangu hapo kila mtoto analeta shilingi 100 kwa Jumamosi nzima, si kwa kila mchezo, na asiye nayo anafagia ukumbi. Akipoteza vijumba vyake vyote anarudi mwisho wa mstari, awe mkubwa au mdogo. Fedha huhesabiwa na akina mama wawili wa WAWATA, wala mimi wala Fundi hatugusi hata senti. Jumamosi nyingi wanaofagia ni wengi kuliko wanaolipa, na ukumbi wetu sasa ni safi kuliko sakristia, jambo ambalo Baba Paroko amelitaja mara mbili, akinitazama.

Mtauliza, na ile mashine ya barazani? Ipo. Nilikwenda kuzungumza na mwenye duka kwa upole, akaniambia naye ana watoto wa kulisha. Baadhi ya vijana wetu wanakwenda Jumamosi kwenye vimondo na Jumatatu kwenye matunda. Sikutegemea kwamba plaiwudi shuka moja itamaliza jambo hili, ingawa Fundi alitegemea.

Yule kijana nilimwomba radhi. Ilikuwa jioni, tunapaka rangi ya buluu, Fundi ameondoka. Nikamwambia, "Siku ile barazani, mimi ndiye niliyepaswa kukutoa pale, nami nilitia sarafu zangu." Hakujibu mara moja. Akaendelea kupaka, kisha akauliza, "Ulipata, Mwalimu?" Nikasema, "Sikupata." Akasema, "Mimi nilipata mara moja, shilingi elfu mbili. Ndiyo maana nikaendelea." Miaka yangu yote ya chuo sijasikia mwalimu akilieleza jambo hilo vizuri kuliko hivyo.

Jumapili ya Matawi alirudi sakristia, akavaa kanzu yake, akachukua kengele kana kwamba hajapata kukosa. Bibi yake alikuwa benchi la mbele. Baada ya Misa alinipita bila neno, akanishika mkono tu, kisha akaenda kumsalimu Fundi kwa muda mrefu sana.

Fundi sasa amepata kazi Dodoma, anarudi mwisho wa mwezi. Kisanduku cha nyaya anayekifungua ni kijana, kwa ufunguo ulio kwangu, na kile kioo cha nyuma hakigusi, wala mimi sikigusi. Jumamosi iliyopita alikuja ofisini kuniambia kijiti kimeanza kulegea upande wa kulia. Anataka mpira wa baiskeli. Aliye na wa zamani, hata wenye viraka, na autume kwa karani wa parokia.